Jinsi ya kupata atachi ya kukaa msituni ukitokea Nairobi, na vile utaitumia

Kila mwaka ikikaribia wakati wa atachi, yale mafunzo ya kazini ya wanafunzi wa chuo, maswali huwa yale yale. Mtu yuko mwaka wa tatu, anasoma misitu ama mazingira, ama hata hasomi hayo ila anapenda miti kabisa, na anataka mahali ataenda akae miezi mitatu, alale huko huko, ashike jembe na panga, lakini hajui aanzie wapi. Nitaeleza vile naona inafaa kufanywa, na nitakaa sana kwa kuchagua mahali manake hapo ndio watu hukimbia, wanachukua popote patakubali barua.

Kabla uulize mambo ya stipendi ama cheti, uliza swali moja tu: miche mliyopanda mwaka jana, mingapi iko hai? Watu walio serious watakupa namba, ama watakwambia twende ukaone. Wengine watakujibu walipanda elfu ngapi, wakuonyeshe na picha za mgeni rasmi akishika mche, na hapo ujue utakaa miezi mitatu ukibeba miche na kupigwa picha. Siku hizi kila mtu anapanda, serikali ilitangaza miti bilioni 15 ifikapo 2032, na hiyo ni nia nzuri, lakini kupanda ni kazi ya asubuhi moja na msitu ni miaka ya kupalilia, kuzuia mbuzi na ng'ombe, kurudi kuhesabu na kupanda tena palipokufa. Nenda mahali wanarudi kwa miche yao. Hiyo ndio kazi yenyewe na haufundishwi darasani.

Halafu kuna majira. Vyuo vingi hutoa atachi Mei hadi Agosti, na masika ni Machi hadi Mei, so ukifika utapata kupanda ndio kunaisha. Si mbaya, hiyo miezi ni ya palizi, kuokota mbegu, kazi ya kitalu na kuhesabu miche iliyoshika. Lakini kama umeshamaliza chuo na unaeza kupata miezi sita hivi, anza Juni ukae mpaka vuli ya Oktoba hadi Desemba, ndio mche ulioutunza kwa kitalu uupeleke shambani wewe mwenyewe.

Sasa wapi. Anza na hapa hapa Nairobi hata kama hautalala huko. Karura ni hekta elfu moja na kidogo katikati ya jiji, ule msitu Wangari Maathai na wenzake walipigwa wakiutetea Januari 1999, na leo kuna sehemu miti ya kigeni imetolewa na ya kiasili inarudishwa. Kuna Ngong Road Forest na Oloolua pia. Nenda ujitolee Jumamosi kadhaa, ujue kama mgongo wako unakubali hii kazi, na upate mtu wa kukuandikia neno zuri. Ukitoka nje ya jiji kidogo kuna Muguga, makao makuu ya KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, na huko ndio kuna kituo chao cha mbegu za miti. Tigoni kuna Brackenhurst, ambapo ardhi iliyokuwa na miti ya kigeni sasa ni msitu wa kiasili unaotembea ndani yake. Mbali zaidi kuna msitu wa Kakamega, na Pwani kuna msitu wa Arabuko-Sokoke ambapo karibu yake, Watamu, A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, wana kituo cha Mwamba chenye malazi. Nafasi hubadilika kila msimu, so piga simu uulize mwenyewe, usitegemee ya kuambiwa.

Lakini njia ambayo watu wengi hawajui ni vikundi vya jamii vya kutunza msitu, zile CFA (Community Forest Association). Sheria ya misitu ya 2016 inaruhusu watu wanaoishi karibu na msitu wajisajili na waweke mkataba na KFS, shirika la serikali la misitu, wa kuutunza pamoja, so upande wa Kiambu, Nyandarua, Nyeri na kwingine utapata CFA zenye kitalu, maskauti wa kulinda msitu, na wamama wanaojua mbegu kushinda lekchara yeyote. Nenda kwa stesheni ya msitu, uonane na forester, yule msimamizi wa msitu, umwambie unatafuta nini, akupeleke kwa mwenyekiti wa CFA. Ukikubaliwa, waombe wakutafutie familia ukae nayo, utoe pesa kidogo ya chakula na kitanda. Mimi naona hii ndio bora kuliko zote, manake utaona pia vile watu hupata kuni, nyasi na asali kutoka msituni, na pale wanapokosana na renja, na bila kuelewa hiyo hauelewi msitu wa Kenya.

Barua iwe fupi. Sema unatoka chuo gani, tarehe kamili za kuingia na kutoka, unaeza kufanya nini (GPS, Excel, kuendesha pikipiki, kuongea Kikuyu ama Kiluhya, yote yanasaidia), na unataka kujifunza nini kwa jina. Ambatanisha barua ya chuo na karatasi ya bima ya ajali, vyuo vingi huwa na bima ya wanafunzi wa atachi. Wiki ikiisha kimya, piga simu. Simu isiposhikwa, panda matatu uende, huku kwetu uso unafungua mlango kuliko email.

Kuhusu pesa na kulala uliza wazi wazi. Nani analipa chakula? Kitanda? Nauli ya kutoka nyumba hadi msituni? Usitumie mtu M-Pesa ya usajili kama haujamwona na hujafika ofisini kwake. Kama wewe ni msichana uliza vyumba viko wapi, mlango unafungwa na nani ako na funguo, bafu iko umbali gani usiku, na kuna mwanamke mwingine anayeishi hapo. Uliza hospitali ya karibu na kama network iko. Mtu akikasirika kwa maswali kama hayo achana na hiyo nafasi, hata kama msitu ni mzuri aje.

Mizigo: gambuti, koti ya mvua, sweta mbili nzito manake Julai Limuru na Kinale ni baridi ya kukata, tochi ya kuvaa kichwani, glavu, power bank, na daftari na penseli, kalamu ya wino ikinyeshewa data yako yote imeisha. Beba chupa ya maji ya chuma, tangu Juni 5, 2020 zile za plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku kwa mbuga na misitu iliyohifadhiwa.

Ukifika, omba uanzie kitaluni. Utaona mama wa kitalu akihamisha kimche kutoka kitanda cha mbegu: anamwagilia kwanza udongo ulegee, anakinyanyua kwa kijiti, anakishika kwa jani, hakishiki shina hata siku moja, manake jani likichubuka litaota lingine lakini shina likifinywa kimche kimekufa. Anatoboa shimo refu kwenye tyubu, ile mifuko ya plastiki ya miche, mzizi uingie umenyooka, kisha anabana udongo taratibu kutoka pembeni. Mzizi ukijikunja hapo, mti unaeza kukaa vizuri mwaka mmoja, miwili, halafu unadumaa ama unaanguka na upepo na hakuna anayejua kwa nini. Muulize pia mbegu gani hazingojei: za muthiga na muiri zikikaa hupoteza uhai haraka, zinapandwa zikiwa mbichi. Jifunze majina ya mti kwa lugha ya hapo na lile la kisayansi pamoja, muiri ni Prunus africana, mukinduri ni Croton megalocarpus, ndio uelewane na mzee wa kijiji na pia na mtafiti.

Siku ya kupanda, udongo wa juu weka kando ndio urudi kwanza chini karibu na mizizi, toa tyubu kabisa, na zikusanywe zote zirudi kitaluni. Lantana nayo, kile kichaka cha kigeni kinachovamia msitu, usikate tu, itachipuka, ng'oa na mizizi, na usiache hapo wazi bila kupanda kitu manake itarudi na jeshi.

Kipimo cha unene wa mti huchukuliwa mita 1.3 kutoka chini, na kwa mteremko unasimama upande wa juu. Omba forester akupe eneo dogo liwe lako: weka namba kwa miche hamsini hivi, pima urefu wiki ya kwanza na wiki ya mwisho, andika iliyokufa na kilichoiua, kama ni mbuzi, mchwa, kiangazi ama ilipandwa vibaya. Hiyo ndio itakuwa ripoti yako, na watu wa hapo wataitumia kweli.

Usiingie msituni peke yako, hata kama umeshazoea njia. Aberdare kuna ndovu na nyati, na mitego ya waya iko misitu mingi. Tembea na skauti, na ukikuta mtego ama watu wanakata miti, usijifanye shujaa, rudi uripoti.

Logibuku, lile daftari la chuo la kuandika kazi za kila siku, ipigwe sahihi kila Ijumaa, usingoje mwisho manake supavaiza anaeza kuhamishwa. Barua ya mapendekezo iombe wiki mbili kabla hujatoka, na nakala ya data yako waachie kwenye karatasi na kwenye flashi, moja kwa stesheni na moja kwa CFA. Kisha chukua namba ya simu ya yule mama wa kitalu, mvua zikianza umpigie umuulize ile miche yako hamsini imefika wapi.