Kufufua bodi ya Volkswagen Beetle iliyoliwa na kutu: hatua kwa hatua, uani kwako

Mpwa wangu alinunua Beetle ya mwaka 1969 hapa Tanga, iliyokuwa imeegeshwa chini ya mwembe kwa miaka mingi, na bodi yake tumeitengeneza uani kwangu mpaka ikapigwa rangi. Naandika tulivyofanya kwa sababu wenye magari haya wengi huanzia pasipofaa: huanzia kwenye rangi. Beetle ya Pwani huoza kuanzia chini, mahali usipopaona bila kuinama, na rangi nzuri juu ya chini iliyooza ni pesa iliyotupwa.

Gari lenyewe linastahili jasho. Ndilo lililoshinda mbio za East African Safari mwaka 1962, na mpaka leo vipande vya bodi yake vinatengenezwa vipya na kuuzwa. Halafu limeundwa kwa namna inayomsaidia mtu wa nyumbani: bodi imefungwa kwa bolti juu ya sakafu, na madigadi yote manne yanafunguka kwa spana.

Hatua ya 1: Vifaa

Nunua au azima mashine ya kuchomelea ya MIG, ile inayojilisha waya yenyewe, yenye mtungi wa gesi, waya wa milimita 0.6. Mchanganyiko wa agoni na kabonidioksidi ndio mzuri zaidi. Kabonidioksidi tupu inafanya kazi ila inarusha cheche nyingi. Welding ya fimbo iache kwa mageti ya nyumba. Bati la Beetle ni jembamba, karibu milimita moja au chini yake, na fimbo italitoboa ukitazama. Gesi ya oksijeni na asetilini mikononi mwa mzee aliyeizoea inatoa kazi safi, lakini joto lake linasambaa na bati linajikunja. Kwa anayejifunza, MIG.

Zaidi ya hapo: grinda ndogo, mkasi wa bati, nyundo, koleo za kubana nyingi kuliko unavyodhani unahitaji, pimamaji, tepu, stendi nne imara. Jeki peke yake si ya kulalia chini. Miwani, glavu za ngozi, barakoa, ndoo ya mchanga na mtungi wa kuzimia moto viwe karibu kabla ya cheche ya kwanza.

Hatua ya 2: Vua kila kitu

Viti, kapeti, milango, vikanyagio vya pembeni, madigadi, bampa. Betri itoke kwanza. Tangi la petroli liko mbele chini ya boneti. Litoe na ulihifadhi mbali, hata kama utachomelea nyuma tu. Bolti zenye kutu zipakwe mafuta ya kupenya leo, zifunguliwe kesho. Piga picha.

Hatua ya 3: Isake kutu

Chukua bisibisi butu na nyundo ndogo. Gonga, sikiliza. Bati zima linalia, lililooza linanyamaza. Kisha chokoa na bisibisi. Ikipenya, hapo hapana bati. Sumaku nayo ina kazi: isiposhika, chini ya rangi kuna puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati. Kwenye gari la mpwa wangu sumaku ilidondoka karibu na mlango wa kushoto, tukachimba, tukakuta fundi wa zamani ameziba tundu kwa karatasi za gazeti na kupiga puti juu yake. Gazeti lilikuwa limelowa maji.

Anza kukagua chini ya kiti cha nyuma upande wa kulia. Betri ya Beetle inakaa hapo, na asidi yake inakula sakafu miaka yote bila mwenye gari kujua. Safisha kwanza kwa maji yenye magadi mpaka povu liishe, ndipo uguse kwa mikono. Kisha kisima cha gurudumu la akiba kule mbele, mashina ya bampa, na kingo za chini za milango. Mwisho, pale penye shida yote: chaneli.

Hatua ya 4: Chaneli za hita

Chaneli ni yale maboksi mawili marefu ya bati yanayopita chini ya milango, moja kila upande. Kazi yake inayojulikana ni kupitisha hewa ya moto kutoka kwenye injini hadi ndani ya gari, jambo ambalo Tanga hatuna haja nalo. Lakini kazi yake kubwa ni kuibeba bodi. Nguzo ya mbele yenye bawaba za mlango imesimama juu yake, nguzo ya nyuma ya mlango imesimama juu yake, na sakafu imefungwa kwa bolti kwa chini. Ukiikata chaneli bila maandalizi, nguzo hizo mbili zinasogeleana au zinaachana, na hutaona kwa macho. Utaona siku ya kurudisha mlango, ukikuta haufungi, na hapo umeshachomelea kila kitu.

Kwa hiyo, kabla ya kukata hata sentimita moja:

Gari likae sawa kwenye stendi nne, juu ya zege na si mchanga. Weka pimamaji kushoto kulia, mbele nyuma. Rudisha milango yote miwili bila mipira yake na uifunge. Tazama mwanya kati ya mlango na bodi: ulingane juu hadi chini, na ule mstari wa ubavuni upite kwenye mlango na kuendelea kwenye bodi bila kuruka. Mlango ukiwa umeinama nyuma, ujue bodi imeshalegea kwa sababu ya kutu. Usiendelee na bodi iliyolegea. Inyanyue taratibu kwa jeki na ubao chini ya nguzo, robo kwa robo, mpaka mwanya ulingane. Ila kagua bawaba kwanza: zikiwa zimekwisha, mlango utainama hata bodi ikiwa nzima, nawe utainyoosha bodi isiyo na kosa.

Mwanya ukishakubali, toa milango na upime kila uwazi wa mlango kwa tepu: kona hadi kona kwa mshazari, mishazari yote miwili, na upana wa katikati. Andika vipimo kwa kalamu ya wino mzito kwenye bodi yenyewe, maana karatasi hupotea. Kisha kata skwea paipu ya inchi 1 na uichomelee ndani ya uwazi wa mlango, kutoka nguzo ya mbele hadi ya nyuma, moja ya kulala na moja ya mshazari. Nyingine ipite kutoka upande wa kushoto hadi wa kulia ndani ya gari. Pima tena. Vipimo vikibadilika hata milimita mbili, kata paipu na urudie.

Watu huniuliza kama wanyanyue bodi nzima kutoka kwenye sakafu. Wengi hufanya hivyo, na ukiwa na majirani wa kutosha bodi inanyanyuka kwa mikono. Mimi sishauri, ikiwa chaneli zimeoza. Sakafu ndiyo kipimo chako. Chaneli mpya ikifungwa kwa bolti kwenye sakafu nzima inakaa pale ilipopaswa kukaa. Ikichomelewa kwenye bodi inayoning'inia hewani, matundu ya bolti hayatakutana. Ndiyo maana, sakafu nayo ikiwa imeoza, tengeneza sakafu kwanza. Inauzwa nusu ya kushoto na nusu ya kulia. Unakata ya zamani ukiacha ukingo mwembamba kwenye ule mgongo wa katikati, unaichomelea mpya juu ya ukingo huo. Hiyo ni kazi nyepesi ukilinganisha na hii.

Fanya upande mmoja hadi mwisho, ndipo uhamie wa pili. Usikate chaneli zote mbili kwa pamoja.

Chaneli mpya za bei rahisi mara nyingi bati lake ni jepesi na matundu yamepishana. Ijaribu kabla ya kukata ya zamani: ilaze pembeni, linganisha urefu na matundu. Kukata, usitumie moto. Toboa zile nukta za kiwandani zilizounganisha mabati, moja moja, ubandue, ili mabati ya nguzo yabaki mazima. Safisha kingo mpaka ziwe nyeupe, paka praima ya zinki mahali mabati yatakapolaliana, kwa sababu hapo hutafika tena maishani. Ingiza chaneli, ifunge kwa bolti kwenye sakafu bila kukaza sana, kumbuka mpira unaokaa kati yao, kisha shikiza kwa nukta chache. Chache tu. Toa paipu ya uwazi wa mlango upande huo, rudisha mlango, tazama mwanya. Umekubali? Toa mlango, rudisha paipu, endelea. Haujakubali? Kata nukta, sogeza, shikiza tena. Hapa usiwe na haraka hata kidogo.

Kuchomelea kwenyewe: nukta moja hapa, nyingine mkono mzima mbali, rudi katikati, ruka tena, mpaka nukta zikutane. Ukivuta mstari mrefu kwa mkupuo bati litajikunja kama ukindu juani. Acha lipoe lenyewe, usimwagie maji. Mpira wa chaneli nao hauvumilii moto, kwa hiyo mahali utakapochoma karibu nao uutoe kwanza, uurudishe mwisho.

Maonyo mawili. Usizibe matundu kwa bati la kuezekea nyumba. Zinki yake ikichomwa inatoa moshi mweupe unaoleta homa na baridi usiku wake. Tafuta bati jeusi, lisilo na zinki, la milimita 1. Na usichomelee mahali palipopuliziwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini. Joto linaigeuza kuwa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Hatua ya 5: Kutu iliyobaki

Kutu nyepesi juu ya bati zima iondolewe kwa brashi ya waya na msasa. Rangi za zamani huenda zina madini ya risasi, basi piga msasa wa maji, vumbi lisiruke, na watoto wakae mbali.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, nayo ni chumvi. Imejificha ndani ya vishimo vya kutu, na praima ikipakwa juu yake, baada ya masika unaona vipele. Ukishakwangua, osha bati kwa maji baridi mengi, yaani yasiyo ya chumvi, kausha papo hapo kwa kitambaa na upepo wa kompresa, kisha paka dawa ya asidi ya fosforiki kwenye vishimo. Fuata kibandiko cha chupa kuhusu kuiosha, maana praima nyingi za epoksi hazipatani na mabaki ya asidi. Bati tupu lisilale usiku bila praima.

Vipande vidogo kama bawaba na mashina ya bampa nisingevikwangua kabisa. Ndoo ya plastiki, maji, magadi soda, chaja ya betri ya volti 12. Kipande chako kifungwe upande wa hasi, chuma cha kutupa upande wa chanya, visigusane. Kutu inaachia yenyewe. Usitumie chuma cha pua upande wa chanya, maji yatakuwa na sumu. Usitie chumvi badala ya magadi. Na fanyia nje, kwa sababu mapovu yale ni haidrojeni na yanalipuka.

Hatua ya 6: Puti

Puti ni ya kusawazisha bati zima. Haizibi tundu. Isizidi milimita 3. Puti hunyonya maji, kwa hiyo mimi hupiga praima ya epoksi kwanza, puti juu yake, msasa namba 80, kisha 180, kisha praima tena.

Hatua ya 7: Rangi

Kwa nyumbani piga NC, rangi ya nitroselulosi inayokauka kwa hewa. Rangi ya 2K, ile inayochanganywa na kigumishi, inang'aa zaidi na inadumu, lakini kigumishi chake kina kemikali zinazoharibu mapafu na kuleta pumu, na barakoa ya vumbi haizuii kitu. Ukitaka 2K, peleka gari kwenye gereji yenye chumba cha rangi na mpuliziaji anayevaa kofia ya hewa. NC nayo inawaka moto upesi: pasiwe na jiko wala sigara jirani, na vaa barakoa yenye chujio za mkaa.

Usipige wakati wa masika. Unyevu ukiwa mwingi NC inatoa ukungu mweupe. Subiri jua likaushe umande, maliza kabla upepo wa mchana haujaanza kuleta vumbi, na tumia thina inayokauka polepole. Piga mikono, yaani tabaka, myembamba mingi. Kati ya mikono ya mwisho, msasa wa maji namba 800.

Hatua ya 8: Nta ndani ya maboksi

Hii inafanywa mwisho, baada ya rangi kukauka kabisa, kwa sababu mafuta yakifika kwenye bati kabla ya rangi, rangi haishiki. Pulizia nta ya chasisi ndani ya chaneli kwa mrija mrefu kupitia matundu yake, mpaka uione ikichuruzika chini. Ndani ya milango vilevile. Oili chafu ya injini wanayopaka wengi siipendi: ina asidi na inalainisha mipira. Kisha pitisha waya kwenye kila tundu la kutolea maji chini ya milango, kwa sababu nta huyaziba, na tundu likizibwa mlango unageuka kuwa tangi. Rudia nta kila mwaka kabla ya masika, na ukiendesha karibu na bahari, osha chini ya gari kwa maji baridi siku hiyohiyo.