"Not to" au "to not"? Kukanusha maombi ya Kiingereza

Ukimwomba mtu kwa Kiingereza asifanye jambo, "not" hutangulia "to", kisha hufuata kitenzi kitupu, bila -s, -ed wala -ing: "I asked him not to call." Mpangilio huohuo hufuatwa na "tell", "warn", "beg" na "advise".

Sisi huteleza hapa kwa sababu Kiswahili hupachika ukanushi ndani ya kitenzi, baada ya ku-: kupiga, kutopiga. Basi "to not call" huja mdomoni chenyewe. Hilo si kosa kubwa, maana hata wenye lugha yao husema hivyo katika mazungumzo. Ila kwenye mtihani au barua ya kazi, andika "not to". Hakuna msahihishaji atakayekukata alama.

Kosa hasa ni "She told me to don't touch it." Hapo amri imechukuliwa nzimanzima ikabandikwa "to". Unapogeuza usemi halisi kuwa wa taarifa, toa "don't", weka "not to", halafu kagua viwakilishi na maneno ya mahali. "Don't leave your bag here" inakuwa "She told me not to leave my bag there."

Angalia pia "be". Kwetu kuchelewa ni kitenzi, lakini "late" ni kivumishi, kwa hiyo "He asked us not to late" haisimami. Sema "not to be late". Na anayeombwa lazima atajwe: katika "aliniambia nisiende" yumo ndani ya -ni-, lakini "She told not to go" imemwacha nje. Rudisha "me".

Ukihamisha "not", maana nayo inahama. "I asked him not to call" ni nilimwomba asipige. "I didn't ask him to call" ni sikumwomba apige, akipiga ni hiari yake. "Want" ina mazoea yake: tunataka mtu asiende, Waingereza husema "I don't want you to go."

Ukieleza kusudi, "not to" peke yake haitoshi. Ili usimwamshe mtoto, unatembea polepole "so as not to wake the baby", au "in order not to".

Vitenzi vingine havitaki "to" kabisa. "Suggest" huchukua -ing: "He suggested not going." Vivyo hivyo "mind", inayotumika sana kwa kuomba kwa adabu: "Would you mind not smoking here?" Hapa jibu ndilo linalowaponza wengi. Swali linauliza kama utaona vibaya, kwa hiyo anayekubali hujibu "No, of course not", au "Sorry" na kuzima sigara. Ukijibu "Yes" tupu, umekataa.