Kupanda mboga za ndani kwa mwezi na nyota: naeleza mara hii moja

Tangu niweke picha ya dirisha langu la jikoni lenye makopo ya dania na figili, nimegeuzwa mpiga ramli. Kila siku watu wananiuliza wapande lini na nyota gani, na kama mwezi leo ni mzuri. Mimi si mnajimu. Nakaa ghorofa ya tatu hapa Dar, sina hata kipande cha uwanja, na kalenda ya mwezi nimeibandika kwenye mlango wa friji. Yote ninayoyajua nayaandika hapa. Atakayeuliza kitu kilichoandikwa tayari nitamrudisha kwenye namba ya hatua, asinune.

Hatua ya 1. Chombo. Kopo, ndoo ya rangi iliyooshwa, trei, chochote, mradi kitobolewe chini.

Hatua ya 2. Udongo. Mboji sehemu mbili, vumbi la makumbi ya nazi sehemu moja, mchanga kidogo. Udongo mtupu wa kuchota uani hugandamana ndani ya kopo.

Hatua ya 3. Mwanga. Dirisha linalopigwa na jua saa sita kwa siku, au taa ya mimea saa kumi na nne. Usipokuwa na hili, usiendelee kusoma, nenda katafute dirisha.

Hatua ya 4. Umri wa mwezi. Mwezi unaandama, unakuwa mpevu, unapungua, unaingia gizani, jumla siku 29 na nusu. Aliyekulia Pwani hahitaji programu ya simu: tarehe ya Kiislamu ndiyo umri wa mwezi, labda ipishane siku moja. Kuanzia mwandamo hadi tarehe 7 hivi panda mboga za majani: mchicha, dania. Tarehe 7 hadi mpevu wa 14 au 15, vinavyozaa tunda lenye mbegu ndani: nyanya, pilipili, maharage. Baada ya mpevu hadi tarehe 22, vya chini ya udongo: figili, karoti, tangawizi. Kutoka 22 hadi giza hupandi kitu. Unapunguza miche, unakata majani yaliyozeeka, unapambana na wadudu.

Hatua ya 5. Nyota ambayo mwezi umo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo tulieni.

Mwezi hupita nyota zote kumi na mbili kwa siku 27 na ushei, maana yake katika kila nyota hukaa siku mbili na kidogo. Jedwali linalotumiwa na wengi limegawa hivi: Ng'ombe, Mashuke na Mbuzi ni za udongo, siku za mizizi. Kaa, Nge na Samaki ni za maji, siku za majani. Mapacha, Mizani na Ndoo ni za upepo, siku za maua. Kondoo (wengine humwita Punda), Simba na Mshale ni za moto, siku za matunda. Mgawanyo huu ulienezwa na Maria Thun, mkulima wa Ujerumani aliyeanza kupandapanda figili na kuandika anachokiona mwaka 1952, halafu akawa anatoa kalenda kila mwaka.

Kosa langu la kwanza lilikuwa saa. Kalenda niliyoipata ilikuwa ya Marekani, imeandikwa kwamba mwezi unaingia Kaa Jumanne 9:40 usiku. Basi mimi na Kiswahili changu nikaamka saa tisa na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne, tochi ya simu mdomoni, nikamwaga mbegu za dania kwenye trei tatu huku mume wangu akiuliza kama kuna mwizi. Kumbe 9:40 ile ni saa tatu na dakika arobaini za usiku kwetu, tena kwa saa za New York! Ilikuwa Januari, tofauti ni saa nane, kwa hiyo hapa Dar mwezi uliingia Kaa Jumatano saa kumi na moja na dakika arobaini alfajiri. Niliwahi kwa saa ishirini na sita. Mwezi ulikuwa bado umo Mapacha, umekaa zake.

Kwa hiyo: kalenda ikiwa ya saa za dunia (UTC), ongeza 3. Ikiwa ya New York, ongeza 8, na wakiwa kwenye saa zao za kiangazi ongeza 7. Ukishapata saa ya hapa, ndipo uigeuze kuwa saa ya Kiswahili. USIGEUZE KABLA.

Kosa la pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Nyota za kwenye magazeti na simu si zile za Thun. Wanajimu wamegawa anga vipande kumi na viwili vilivyo sawa, kuanzia pale jua lilipo usiku na mchana vinapolingana mwezi Machi. Thun anafuata makundi ya nyota yenyewe yalivyo angani, mengine mapana, mengine membamba. Kwake Mashuke huchukua zaidi ya siku tatu, Kaa haifiki mbili. Na kwa kuwa mhimili wa dunia huyumba polepole kama pia ya watoto inayotaka kulala, hesabu hizi mbili zimeachana kwa nyuzi 24 hivi. Mwezi hutembea nyuzi 13 kwa siku. Piga hesabu: ni karibu siku mbili. Mimi nilikuwa nachukua nyota kwenye simu na kazi ya siku kwenye jedwali la Thun, miezi minne mizima, na kila nikipanda kwenye siku ya mizizi kumbe kwake ni ya kitu kingine kabisa. Chagua kalenda moja. Ukae nayo.

Zile trei tatu za dania? Zilichipua siku ya kumi, zikasimama vizuri, halafu siku ya kumi na nne shina limelegea pale linapogusa udongo na miche imelala kama nywele zilizomwagiwa maji. Niliapa ni Mapacha. Shangazi yangu aliyekuja kutoka Muheza akainua trei moja, maji yakamchirizika mpaka kwenye kanga. "Mwanangu, hii si nyota. Hiki ni kinyausi." Yaani ugonjwa wa kuvu unaoozesha shina la miche udongo ukiloa mno. Trei zilikuwa hazina matundu. Rudini hatua ya 1.

Hatua ya 6. Panda. Kina mara mbili ya unene wa mbegu, mwagilia kwa kuloweka trei kutoka chini, basi.

Maswali

Nge_wa_Temeke: Asante kwa somo. Mimi ni Nge, nipande lini?

Nyota yako haihusiki. Ni nyota ya mwezi siku hiyo. Hatua ya 5.

bwana_mchicha: Nimefuata kila kitu, mwezi ulikuwa mchanga na umo Samaki, lakini mchicha umerefuka kama uzi na umeanguka. Hii kitu ni uongo.

Picha uliyotuma inaonyesha trei juu ya kabati, dirisha liko ukuta wa pili. Hatua ya 3. Nimeandika usiendelee kusoma na wewe ukaendelea.

Mwasiti: Dada shikamoo. Samahani, huku si kushirikiana na mambo ya unajimu? Mimi nafsi inanisita.

Marahaba mdogo wangu. Sisomi bahati ya mtu hapa, natafuta siku ya kupanda figili. Lakini nafsi ikisita isikilize: acha hatua ya 5 yote, baki na umri wa mwezi ambao unaujua tangu mtoto kwa ajili ya Ramadhani. Hutapungukiwa mboga.

Fundi Taa: Naomba kuelimishwa, si ubishi. Mwezi hauingii ndani, nina pazia zito na bati la jirani limeziba. Unafikaje kwenye kopo?

Swali zuri. Kwa mwanga, haufiki. Mwezi mpevu, tena nje kweupe, hutoa luksi (kipimo cha mwanga) sifuri nukta kadhaa. Chumba cha kawaida chenye taa ni mamia. Jua la saa sita mchana ni laki moja hivi. Kwa hiyo ukiwasha taa ya sebuleni umeshamshinda mwezi mara elfu. Na mwaka 2020 watafiti wa Hispania walipitia maandishi ya sayansi kuhusu mwezi na mimea, wakasema hawakuona ushahidi wa kuaminika. Sitakuficha hilo.

Fundi Taa: Lakini si unavuta bahari? Mti una maji pia.

Unavuta bahari kwa sababu bahari ni pana, upande mmoja unavutwa kuliko mwingine, ndiyo tunapata bamvua kwenye mwandamo na kwenye mpevu. Ziwa Victoria lote lile, hujapata kumsikia mvuvi wa Mwanza akisubiri maji kupwa. Sasa kopo la Blue Band?

Fundi Taa: Basi kwa nini wewe unafuata?

Kwa sababu kabla ya kalenda nilikuwa napanda siku nikikumbuka. Dania yote ilikomaa wiki moja, tukala mpaka tukachoka, halafu wiki tano hakuna hata jani la kutia kwenye kachumbari. Sasa kila mwandamo napanda trei moja, kila mwezi ukiisha nakagua chini ya majani kama kuna vidukari. Nikikosa mwezi huu, siwezi kujidanganya kwamba nilipanda juzi. Nyota zenyewe nazipenda tu. Kuna watu wanaangalia mpira.

Bi Kidawa wa Makunduchi: Mwanangu, sisi wazee wetu kupanda hawakuhesabu mwezi. Walihesabu mwongo.

Bibi, shikamoo, na hili ndilo nililokuwa nasubiri mtu aliseme! Kwa wasiojua: mwaka wa Nairuzi, ule unaosherehekewa Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa mwezi Julai, una siku 365 na umegawanywa kwa miongo ya siku kumi kumi. Huo unafuata jua, kwa hiyo haupotezi masika. Mwezi wa Kiislamu hurudi nyuma siku kumi na moja hivi kila mwaka. Kwa shamba la mvua mwongo una akili zaidi. Ndani ya nyumba mvua ni mimi na kikombe, ndiyo maana mwezi unanitosha. Bibi, ukikumbuka mwongo wa kupanda kunde niandikie, nitauweka juu kabisa.

Salma, Maskati: Nina kalenda mbili. Moja inasema mwezi ukiwa Simba ni siku ya matunda, nyingine inasema Simba ni tasa, usipande kitu. Nani mkweli?

Salma umesoma kweli. Ya kwanza ni ya Thun, moto ni matunda. Ya pili ni ya kalenda za wakulima wa Marekani, kwao Simba ni kavu kuliko zote, siku ya kung'oa magugu. Ni mapokeo mawili, na hayapatanishwi kwa kuchanganya. Mimi natumia Thun kwa sababu ndiyo niliyoanza nayo, sina sababu nyingine. Kwa huko kwenu mimi ningeogopa kiyoyozi kuliko Simba: hewa yake ikipuliza moja kwa moja kwenye miche, udongo hukauka juu asubuhi hadi jioni huku chini umeloa. Geuza trei isielekee.

Salma, Maskati: Kumbe! Na dania langu linachukua wiki tatu kuota.

Mbegu ya dania ni mbili ndani ya ganda moja. Isugue kwa chini ya glasi juu ya kibao cha chapati mpaka ipasuke, iloweke usiku mmoja, halafu panda.

kijana_254: Naomba kalenda ya mwezi huu tafadhali.

Hapana.

Mama Zuhura: Ya maji ya kuoshea mchele je, ni kweli yanafaa?

Mimi namwagia, yale ya kwanza yenye weupe, siku hiyohiyo. Nililaza siku moja kwenye jagi, vijinzi vyeusi vikajaa jikoni, ikabidi nitandaze mchanga mkavu juu ya makopo yote. Mnanaa ndio unayapenda zaidi. Kata kijiti chini kidogo ya fundo, toa majani ya chini, weka kwenye glasi ya maji dirishani, baada ya wiki moja utaona vizizi vyeupe.