Kumchagulia mtoto wa primari kitabu atakachokisoma kweli

Wazazi wa Moshi, kwanza nenda naye mtoto dukani, usimchagulie ukiwa peke yako maana wewe utaangalia bei na "mafunzo" halafu kitabu kikaishie juu ya kabati. Mwache ashike, afungue, acheke na picha.

Akishachagua mwambie afungue ukurasa wa katikati asome kwa sauti, kila neno linalomshinda anakunja kidole kimoja. Vidole viwili vitatu freshi tu, hapo ndo anajifunza, vikifika vitano basi kirudishe au ukinunue mkisome wote wawili usiku. Asipokwama hata neno moja nayo sio mbaya, kwa mtoto mvivu wa kusoma bora kile chepesi anachokimaliza akajiona bingwa.

Wa darasa la kwanza na la pili atafute maandishi makubwa, sentensi fupi, picha kila ukurasa, na maneno yanayojirudia rudia (sungura na fisi hawajawahi kuniangusha). La nne kwenda juu wanataka visa, mtoto kapotea sokoni, mpira, wizi wa kuku, na vichekesho pia sio upotevu wa hela jamani.

Angalia na gundi, fungua kabisa, kurasa zikianza kuachia palepale dukani acha, haimalizi wiki.

Hela ikibana kuna maktaba ya mkoa pale mjini, ulizia utaratibu wa watoto kuazima. Au wazazi watatu mnanunua tofauti tofauti mnabadilishana, ila andikeni majina ndani.