Kabla ya kuchukua kamkoda mpya ya fremu kamili

Mwaka 2012 Sony ilitoa NEX-VG900, Handycam (kamkoda yake ya mkononi) ya kwanza yenye sensa ya fremu kamili, yaani milimita 36 kwa 24, na lenzi za kubadilisha. Sensa ilikuwa ya megapikseli 24 na maunti yake, yaani sehemu lenzi inapofungwa, ilikuwa ya aina ya E. Shida ni kwamba ilipoingia sokoni Sony haikuwa na hata lenzi moja ya maunti hiyo iliyotengenezwa kufunika sensa nzima. Ukifunga lenzi za E zilizokuwepo, kamera ilitumia sehemu ya katikati tu. Ukitaka fremu yote, ilibidi utumie adapta iliyokuja ndani ya boksi, pamoja na lenzi za maunti A, aina ya zamani ya Sony. Lenzi za E za fremu kamili zilitangazwa Oktoba 2013, sambamba na kamera za picha za A7. Aliyeinunua mapema alikaa karibu mwaka mzima na sensa ambayo hakuwa na lenzi yake.

Kila kamkoda mpya ikitangazwa maswali huwa yaleyale: ina K ngapi (4K, 6K, yaani wingi wa pikseli kwa upana), inapiga fremu ngapi kwa sekunde, gizani inaonaje. Yote hayo ni maswali ya mwili wa kamera. Mwili utakaa nao miaka minne mitano kisha utauuza kwa hasara. Lenzi, filta, stendi na taa utabaki navyo. Kwa hiyo mimi hushauri mwili upimwe mwisho, baada ya kujua kazi zako zinadai nini.

Kwanza andika kazi ulizofanya mwaka uliopita, na uache zile unazoziota. Kama nyingi ni mahojiano, makala, matangazo au maigizo, sensa ya milimita 36 kwa 24 ina nafasi yake. Kama nyingi ni mechi, mikutano unayorekodi ukiwa nyuma ya ukumbi, au sherehe ya saa tatu ambayo mpigapicha ni wewe peke yako, fikiri mara mbili. Kamkoda ya sensa ndogo hutoka kwenye ukumbi mzima hadi usoni kwa msemaji kwa kidole kimoja, na fokasi haipotei njiani. Kwenye fremu kamili, zumu ndefu namna hiyo huwezi kuipata kwa uzito na bei ya mtu wa kawaida. Lenzi ya Sony ya milimita 28-135 yenye zumu ya mota, iliyoundwa hasa kwa video, haifiki hata mara tano, na peke yake ina uzito unaozidi kilo moja. Kwa kazi za aina hiyo ningebaki na sensa ndogo bila aibu yoyote, na pesa iliyobaki ningeitia kwenye maikrofoni.

Halafu kuna fokasi, na hapa ndipo wengi hushtuka. Chukua lenzi ya milimita 85, fungua tundu lake hadi f/1.8 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), mkalishe mtu mita mbili mbele yako. Eneo linaloonekana kwa ukali, ukijumlisha mbele na nyuma, ni kama sentimita 6. Macho yanaonekana sawa, masikio yameshaanza kupotea, na msemaji akiinama kidogo kucheka, basi ametoka kwenye fokasi. Ukifunga hadi f/4 unapata kama sentimita 13, zinazovumilika kwa mtu mmoja aliyetulia kitini. Watu wawili waliokaa mshazari watakusukuma hadi f/5.6 au f/8.

Ukishafika hapo, sifa za gizani zinapungua uzito. Kwa picha iliyopangwa vilevile, f/4 ya fremu kamili inatoa kina kinachokaribiana na f/2.8 ya Super 35, sensa ndogo kidogo iliyozoeleka kwenye sinema. Maana yake, ukitaka kina ulichokizoea unafunga lenzi stopu moja na ushee, na kila stopu inakata mwanga nusu kwa nusu. Faida uliyoilipia unairudisha palepale. Sensa kubwa inaona vizuri gizani, hilo sikatai, ila anayefaidi ni yule anayekubali kina chembamba. Fokasi otomatiki inayofuata macho imerahisisha mengi, lakini ijaribu kwa watu unaowapiga wewe: mwenye kofia iliyoshuka usoni, mwenye barakoa, anayegeuka ubaoni kisha kurudi, anayepitiwa na watu mbele yake. Angalia pia kama unaweza kupunguza kasi yake, maana fokasi inayoruka ghafla huharibu picha sawa na iliyochelewa.

Mchana wa jua kali tatizo linageuka, mwanga unakuwa mwingi kupita kiasi. Ukipiga fremu 25 kwa sekunde, shata ya kawaida, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, ni 1/50 ya sekunde. Logi nyingi, yaani picha ile iliyofifishwa kwa ajili ya kusahihisha rangi baadaye, huanzia ISO 800 (ISO ni kipimo cha wepesi wa kamera kwa mwanga). Kwa kipimo cha kale cha wapigapicha, jua kali na ISO 800 vinataka 1/800 kwenye f/16. Kushuka hadi 1/50 ni stopu nne za ziada; kufungua kutoka f/16 hadi f/2.8 ni tano nyingine. Jumla ni stopu tisa za kuzuia, na kazi hiyo ni ya filta za ND, vioo vyeusi vinavyopunguza mwanga. FX6 ya Sony ina ND ya umeme ndani yake inayoishia 1/128, yaani stopu saba, kwa hiyo katika hali hii utaishia f/5.6 au utaongeza filta mbele ya lenzi. C80 ya Canon inafika stopu kumi kwa filta zake za ndani. FX3 ya Sony haina ND kabisa, ingawa ina kitu ambacho FX6 haina: sensa inayotulizwa ndani ya mwili, ambayo ukipiga kwa mkono inakuokoa. Kati ya hivyo viwili ningechagua ND, kwa sababu mtikisiko nina stendi ya kuutibu, ila kukaa jua linatoka na kuingia mawinguni huku nikifungua na kufunga filta mbele ya lenzi ni adha. Anayetembea na kamera siku nzima ana haki ya kuchagua kinyume.

Lenzi zenyewe zinataka jioni nzima ya kuhesabu. Kinachoamua kama lenzi ya zamani itavaa mwili mpya ni umbali kati ya maunti na sensa. Maunti E ina milimita 18, RF ya Canon 20, EF 44, na PL ya sinema 52. Lenzi ya umbali mrefu huweza kuvalishwa mwili wa umbali mfupi, kwani adapta inajaza pengo. Kinyume chake hakiwezekani kwa adapta ya kawaida. Mwenye sanduku la EF ana njia nyingi mbele yake, aliyejaza RF njia zake ni chache mno. Ukiamua kutumia adapta, uliza mapema kama fokasi otomatiki inabaki na kama tundu la lenzi linaongozwa na kamera.

Zipo pia lenzi zako za Super 35 au APS-C (sensa ya kamera za picha inayokaribiana na Super 35). Kwenye fremu kamili nyingi zitakuletea pembe nyeusi, na utalazimika kuiambia kamera itumie sehemu ya katikati. Hapo soma karatasi ya vipimo kwa makini. Ukikata mara 1.5 kwenye sensa yenye pikseli kama 4,000 kwa upana, zinabaki kama 2,700, na hiyo si 4K tena. Kamera za pikseli chache zinazosifiwa kwa kuona gizani ndizo zenye kasoro hii. Lenzi za picha za kawaida nazo zina tabia zake: ukivuta zumu fokasi huweza kuhama, ukivuta fokasi picha hupanuka na kusinyaa kidogo, na pete ya fokasi nyingi huzunguka bila kikomo, kwa hiyo huwezi kutia alama ya penseli ukarudi palepale. Kwenye mahojiano hutaona tatizo, kwenye maigizo utaliona siku ya kwanza.

Mafaili huja kwa wingi kuliko watu wanavyotarajia. 4K ya fremu 25, biti 10 na rangi za 4:2:2 (zisizobanwa sana), ikirekodiwa kila fremu kivyake kwa megabiti 250 kwa sekunde, inakula kama gigabaiti 112 kwa saa. Ipandishe hadi fremu 50 kwa megabiti 500, inakuwa 225. Ukirekodi kwenye kadi mbili kwa pamoja, jambo ambalo kwa kazi ya mteja sioni namna ya kuliepuka, kisha ukaweka nakala mbili nyumbani, kila saa moja imekuwa nne kabla hata hujahariri. Ukitumia mfumo unaobana zaidi, megabiti 100, saa moja inashuka hadi gigabaiti 45, ila kompyuta ndiyo inayofanya kazi ya ziada. H.265, mmoja wa mifumo hiyo ya kubana, ikiwa ya biti 10 na 4:2:2 huzigandisha kompyuta nyingi ambazo chipu yake haikuundwa kuifungua. Omba faili halisi kutoka kamera unayoitaka, liweke kwenye programu yako ya kuhariri, likate, lipake rangi. Likikwama, bei ya kamera imeongezeka bei ya kompyuta. Na kama unapanga kutumia logi, usishuke chini ya biti 10: biti 8 zina ngazi 256 tu kwa kila rangi dhidi ya 1,024, na anga la bluu ukilisahihisha litajitokeza kwa mistari.

Sauti haina mjadala mrefu. Taka soketi mbili za maikrofoni za XLR zenye umeme wa volti 48, na vifundo unavyovigusa bila kuingia kwenye menyu. Angalia kama soketi hizo ziko kwenye mwili au kwenye mpini wa juu, maana siku utakayouvua mpini ili kamera ikae kwenye gimbali (kifaa cha kuituliza ukitembea), sauti inaondoka nao. Kwa matangazo ya moja kwa moja, soketi ya video ya SDI ni bora kuliko HDMI kwa sababu kebo yake inajifunga na haichomoki mtu akiikanyaga.

Muda wa kurekodi uliwahi kuwa sababu tosha ya kununua kamkoda. Kamera nyingi za picha zilikoma dakika 29 na sekunde 59 kwa ajili ya ushuru wa Ulaya uliotoza zaidi kamera za video. Siku hizi kikomo hicho kimetoweka kwenye nyingi, kilichobaki ni joto. Feni na matundu ya hewa ndiyo ya kutafuta.

Ukishapata mbili tatu zilizobaki kwenye orodha, kodi kila moja kwa siku mbili. Iwashe kwenye 4K juani hadi betri ya kwanza iishe, uandike saa. Izungushe haraka mbele ya fremu ya mlango uone mistari yake ya wima inavyolala. Rekodi shati la vistari vyembamba uone kama vinatoa mawimbi. Piga chini ya taa za LED kwa 1/50 na 1/60 uone kama zinapepesa. Funika lenzi, pandisha ISO, rekodi dakika moja, kisha tafuta nukta zinazong'aa kwenye skrini kubwa. Ifunge kila kitu utakachoitumia nacho, maikrofoni, monita, betri kubwa, halafu ishike mkononi dakika ishirini bila kuiweka chini.

Kama unasafiri kwa ndege, tazama wati-saa zilizoandikwa kwenye betri hizo kubwa. Hadi 100 unapanda nazo bila kuomba. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika, na za akiba zisizidi mbili. Zote za akiba zinaingia nawe ndani ya ndege, ncha zake zikiwa zimefunikwa, kwa sababu kwenye mzigo wa chini haziruhusiwi.