Jinsi ya kuielewa "take off" bila kukariri orodha ya maana

Wanafunzi wengi hushika kwamba "take off" ni kuvua, kisha wakikutana na ndege iliyo-"take off" wanakwama. Mimi huwafundisha kuisoma sentensi kwanza. Kamusi ifuate baadaye.

Hatua ya 1: Tafuta yambwa, yaani kile kinachotendwa. Kwenye "The plane took off at six" haipo. Ndege yenyewe ndiyo imepaa. Isipokuwepo, maana karibu zote ni tatu: kupaa, mtu kuondoka ghafla ("He took off without saying goodbye"), au jambo kushika kasi, kama biashara au wimbo ("Her business took off").

Hatua ya 2: Yambwa ikiwepo, angalia ni nini. Nguo, viatu au miwani: kuvua. Siku: kutokwenda kazini siku hiyo, "I'm taking Friday off". Asilimia au pesa: kupunguza bei, "They took 10% off the price". Akiwa mtu, kuwa makini zaidi. "The coach took the striker off" ni kocha kumtoa mshambuliaji uwanjani, na ukifuatilia Ligi Kuu ya Uingereza kwa Kiingereza utaisikia sana. Lakini Waingereza hao hao husema "take someone off" wakimaanisha kumuiga mtu ili kuchekesha. Mazungumzo yenyewe ndiyo yatakayoamua.

Hatua ya 3: Panga maneno. Hapa ndipo penye makosa mengi. "Take off your shoes" ni sawa, "take your shoes off" pia ni sawa. Ila ukitumia kiwakilishi, lazima kikae katikati: "take them off". "Take off them" haisemwi kabisa. Kwetu si jambo geni: katika "ninavivua", "vi" ya viatu imekaa ndani ya kitenzi. Sema "I'm taking them off" na "ninavivua" kwa zamu, kwa sauti, mpaka ulimi uzoee.

Hatua ya 4: Nomino yake, "takeoff", huandikwa pamoja au kwa kistari. Kitenzi huandikwa mbali mbali.

Sasa jipime: "He took off his jacket and took off." Ya kwanza ina yambwa, koti, kwa hiyo alilivua. Ya pili haina: akatoka mbio.