SOMO: Kukimbia ukiwa safarini, mji usioujua, na ukafaidi mandhari

Wakuu, nimechoka kujibu inbox. Kila ikikaribia sikukuu maswali ni yale yale: "nakwenda Zanzibar, nikimbilie wapi?", "nipo Arusha kikazi, njia gani nzuri?" Naandika mara moja. Kuanzia leo atakayeniuliza namleta huku.

Msimamo wangu niuseme mapema: njia nzuri haitafutwi asubuhi ukiwa umeshafunga kamba za raba. Inapangwa jana yake jioni. Na mara nyingi kinachoifanya iwe nzuri ni saa unayopita kuliko mahali penyewe. Moshi saa kumi na mbili na nusu asubuhi unaweza kukimbia Kibo ikiwa wazi mbele yako, theluji unaiona. Barabara ile ile saa tatu mlima umeshajifunika, umebaki wewe, vumbi na bodaboda.

Hatua ya 1: Uliza mtu sahihi. Mtu sahihi ni mlinzi wa usiku wa gesti, au dereva wa boda. Mapokezi watakwambia "popote tu, hapa amani", kwa sababu hawajawahi kutembea hapo alfajiri. Mlinzi ndiye anayejua taa za barabarani zinaishia wapi na mbwa wa nyumba ipi wanafunguliwa usiku. Usimuulize "wapi pazuri", atakutajia baa. Muulize: "Ungekuwa wewe unatoka kwa miguu kabla hakujakucha, usingepita wapi?"

Hatua ya 2: Pakua ramani ukiwa bado kwenye wifi.

Hatua ya 3: Siku ya kwanza nenda-rudi, njia moja. Mizunguko iache kesho.

Hatua ya 4: Jua. Tanzania nzima saa zetu ni zile zile lakini jua halijui hilo. Mwanza hukucha kama dakika 25 baada ya Dar, Kigoma karibu dakika 40. Mtu wa Dar akifika Mwanza akatoka kwa mazoea yake, atapita Capri Point gizani na lile Jiwe la Bismarck asilione. Ukivuka kwenda Kigali, rudisha saa nyuma saa moja kabisa.

Hatua ya 5: Bahari. Hapa someni taratibu, maana hapa ndipo nilipoumbuka mimi.

Pwani ya mashariki ya Unguja (Paje, Jambiani, Bwejuu) maji yakipwa yanakwenda mbali sana, unaachiwa mchanga mgumu, mweupe, tambarare, hakuna lami inayoushinda. Nilipita pale saa nne asubuhi nikaona uwanja mzima. Mchana kukawa na mawingu, nikasema ngoja nitoke saa nane na nusu, Paje hadi Jambiani na kurudi. Kwenda, raha tupu. Kurudi, uwanja haupo. Maji yalikuwa yanapiga kuta za hoteli, nikawa napita kwenye mawimbi ya magoti huku nimeinua simu juu kama nakamata mtandao. Penye ukuta mrefu hakuna pa kupandia, na chini kuna mawe ya matumbawe usiyoyaona. Kisigino kilichanika, raba sikuzivaa tena.

Kosa halikuwa kutoangalia bahari. Niliiangalia. Sikujua kwamba siku ile ni bamvua, yaani siku za maji makubwa. Kwa hiyo:

- Mwezi ukiwa mpevu au ukiwa umeandama, siku hizo na moja mbili zinazofuata, maji yanajaa sana na kupwa sana. Pwani yetu siku za bamvua maji hujaa alfajiri na tena alasiri, kama saa kumi hivi, na katikati hapo, saa nne au saa tano asubuhi, ndipo yamekauka kabisa. Alasiri ya bamvua usiingie ufukweni penye kuta. Usiingie.
- Kila siku maji yanachelewa kama dakika 50. Saa ya juzi usiitumie leo.
- Ingia maji yakiwa bado yanatoka, ili hata ukichelewa nafasi inaongezeka. Yakishageuka, anza kurudi.
- Huna jedwali la maji? Waangalie akina mama wa mwani. Wakiteremka na kamba na magunia yao, maji yanakauka. Wakianza kupanda, na wewe panda. Na tafadhali usikatishe katikati ya vijiti vyao, lile ni shamba la mtu.
- Usivue raba. Kuna wadudu wa miiba mieusi kwenye madimbwi, mwiba wake ukikatikia mguuni utajuta.

La ziada: ufukwe una upepo. Kipindi cha kusi, kati ya Aprili na Septemba hivi, ukiwa Paje anza kuelekea kusini, Jambiani, upepo ukupige usoni ukiwa na nguvu, urudi unasukumwa. Kipindi cha kaskazi geuza, anza na Bwejuu.

Hatua ya 6: Mwinuko. Arusha na Lushoto ni kama mita 1,400, Iten kule Kenya ni mita 2,400. Ukitoka usawa wa bahari, saa yako ya mkononi ivue. Kasi ya Dar haiendi Iten. Kimbia kwa kadiri unavyoweza kuongea sentensi nzima. Ukishindwa, tembea, hakuna anayekucheka. Iten kwenyewe utapitwa na watoto wa shule wenye mabegi mgongoni, zoea. Lakini alfajiri, jua likitokea ng'ambo ya bonde la Kerio, hutaikumbuka hiyo kasi.

Hatua ya 7: Beba nakala ya kitambulisho, nauli ya boda ya kurudia, na jina la gesti limeandikwa.

Hatua ya 8: Nguo na heshima. Mji Mkongwe na vijiji vya Unguja, magoti na mabega yafunikwe, wanaume pia. Ramadhani usinywe maji njiani mbele za watu. Kimbia muda mfupi kabla ya futari, ufungue nao. Na salimia. Mgeni anayekimbia kimya anaulizwa anakimbia nini. Anayesema "shikamoo" kwa wazee anaachiwa njia.

Hatua ya 9: Pasipopitwa. Kambi za jeshi, na eneo la Ikulu usipige picha. Ndani ya hifadhi za taifa hukimbii kama upo uwanjani, kuna wenyewe. Ukitaka kabisa kuona wanyama ukiwa kwa miguu, Hell's Gate kule Naivasha wanaruhusu kutembea na baiskeli, ila kaulize getini kwanza.

Maswali karibuni. Someni kwanza.

---

mzee_wa_lami: Somo zuri mkuu. Naenda Paje Jumamosi, maji yanajaa saa ngapi?

Mleta mada: Hatua ya 5.

mzee_wa_lami: Nimesoma ila ni ndefu, nipe tu saa.

Mleta mada: Ningekupa saa ungelowa. Angalia mwezi usiku wa leo, halafu rudi juu usome nukta ya kwanza. Dakika mbili tu.

Dada_Raba: Asante kaka. Mimi ni mwanamke, kazi inanisafirisha peke yangu, mwezi ujao Tanga. Naogopa kutoka gizani. Unashaurije?

Mleta mada: Dada yangu, usitoke gizani, hakuna mandhari ya thamani hiyo. Subiri kuwe kweupe, saa kumi na mbili na nusu watu wa kazini wameshaanza kutembea. Tanga una bahati: barabara ya Raskazone ina miti mikubwa, bahari pembeni, na asubuhi haikosi watu wa mazoezi. Nenda hadi mwisho, rudi. Ukifika siku ya kazi uliza kuhusu vikundi vya jogingi vya Jumamosi. Mikoa mingi vipo, wanakimbia pamoja wakiimba, mgeni anapokewa vizuri. Umwambie na mlinzi unarudi saa ngapi, namba yake uwe nayo.

Bi_Mkaidi: Naongezea kwa dada: spika ya masikioni weka moja tu, sikio jingine liwe la barabara. Na usiweke njia yako mtandaoni mpaka umeshahama ile gesti. Watu wanaona unapoanzia kila siku.

Mleta mada: Hilo la pili nilipaswa kuliandika mimi. Asante Bi Mkaidi.

Kijana wa Sinza: Mbona umeweka Zanzibar na Iten tu, sisi wa Dar hatuna mandhari?

Mleta mada: Uzi ni wa safarini, wewe wa Dar upo nyumbani. Lakini haya: anzia Coco Beach, panda Daraja la Tanzanite, shuka upande wa Aga Khan, endelea Barabara ya Barack Obama pembeni ya bahari, kisha geuka kabla hujafika Ikulu. Darajani hakuna kivuli hata cha nzi, saa mbili umechelewa. Jumapili ni tulivu zaidi.

Kijana wa Sinza: Na mihogo ya Coco je?

Mleta mada: Mihogo ni baada. Na pilipili ni juu yako.

mpita_njia: Haya mambo ya wazungu. Mtu umesafiri upumzike, unaamka alfajiri kujichosha.

Mleta mada: Sijakulazimisha. Lala mkuu.

Wa_Kiambu: Habari zenu kutoka Nairobi. Wageni mkija huku jaribuni msitu wa Karura. Geti linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, kiingilio unalipa kwa simu, pesa taslimu hawachukui. Makutano ya njia yana namba, hivyo hata ukipotea unajua umepotelea wapi. Kuna maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na Mau Mau. Ni Profesa Wangari Maathai na wenzake waliopigania ule msitu usigawanywe, miaka ya mwisho ya tisini, wakapigwa wakiwa palepale getini. Mimi kila nikipita hapo napunguza mwendo kidogo.

Mleta mada: Shukrani sana ndugu. Wa Dar kumbukeni hatua ya 6, Nairobi ni zaidi ya mita 1,700, pale kwenye vilima vya Karura mtaita mama.

mwanafunzi_wa_fizikia: Mkuu, swali. Kwa nini bamvua maji yajae alasiri kila mara? Nilidhani saa zinahama kila siku.

Mleta mada: Swali zuri, ngoja nijitahidi. Saa zinahama kweli, dakika 50 kwa siku. Lakini bamvua inakuja kila baada ya wiki mbili, pale jua, mwezi na dunia vinapokaa mstari mmoja. Sasa piga hesabu: dakika 50 mara siku 14 na ushee ni kama saa 12, na maji yanajaa mara mbili kwa siku. Kwa hiyo bamvua inayofuata inakukuta karibu saa zile zile. Ndiyo maana wavuvi wanaitaja saa bila kufungua simu. Maji mafu, yaani siku za maji madogo, ni kinyume, saa nne asubuhi yamejaa, ila kujaa kwake ni kwa upole, ufukwe haufi wote. Siku mbili tatu baada ya maji mafu ndizo nzuri kwa wapenda alfajiri: jua linatoka na maji yametoka. Waulize wazee wa kijiji siku yenyewe, kila ufukwe una tofauti zake kidogo.

mwanafunzi_wa_fizikia: Nimeelewa kuliko darasani. Mungu akubariki.

mtoto_wa_Soni: Lushoto umeitaja ukaiacha. Kutoka mjini hadi Irente mtazamoni ni kupanda mwanzo mwisho, unafika unaona nyika yote ya Mazinde chini. Asubuhi sana kuna ukungu huoni kitu, nendeni jioni.

Mleta mada: Jioni, ila mshuke kabla ya giza, njia ile haina taa.

Kipusa: Mbwa wakikutokea unafanyaje? Nakimbia haraka zaidi?

Mleta mada: Hapana! Simama. Mtazame bila kumkazia macho, rudi nyuma taratibu, inama kama unaokota jiwe. Mbwa wa kwetu lugha hiyo wanaielewa. Akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama kitapona.

Dada_Raba: Na raba zikilowa maji ya bahari, kesho yake unasafiri?

Bi_Mkaidi: Toa soli ya ndani, suuza zote kwa maji baridi chumvi itoke, jaza magazeti, badilisha baada ya saa moja. Usianike juani, gundi inaachia. Kama gesti ina feni, zitundike kwa kamba zake mbele ya feni usiku kucha.

Mleta mada: Na kama gesti haina feni, mpe mlinzi wa hatua ya 1. Ana jiko la mkaa getini la kuchemshia chai yake. Aziweke mbali kidogo zipate uvuguvugu tu, joto kali nalo linaachisha gundi.